Kisikizi cha Tai Nne

Jumanne ya tarehe saba Julai mwaka 2071, sikukuu ya Saba Saba, Barabara Nuru ilijikung'uta vumbi kama ilivyozoea, na Milembe akafa.

Barabara hiyo, itokayo Shinyanga mpaka Mwanza, haikuwa ya lami. Ilitandikwa vigae vya kioo vinavyokula jua na kuzaa umeme unaolisha miji yote miwili. Vumbi la Usukuma likizidi, vigae hujiinua kwa pamoja, vikajipindua na kulimwaga pembeni. Kufumba na kufumbua, jua lote lililoiangukia barabara hurudi juu, na aliye macho wazi haoni kitu. Ndiyo maana barabara ilifundishwa kunong'ona. Kabla ya kujipindua hutoa mnong'ono usiosikika kwa sikio la mtu, na miwani ya waendesha baiskeli huudaka kwa kipande kidogo kinachokaa juu ya pua, kiitwacho kisikizi. Kisikizi kikisikia, vioo huwa vyeusi tii. Mwanga ukipita, vinatakata.

Siku ile vioo vya Milembe havikuwa vyeusi. Alikuwa akiongoza mbio za wanawake, kifua kimelala juu ya usukani, akaivaa nguzo ya pembeni mzima mzima. Mumewe Luhende, mbeba marobota wa kinu cha pamba, alikuwa amesimama mbele kidogo na chupa ya maji mkononi, akimngoja.

Mamlaka ya Barabara haikukawia kusema. Miwani ya marehemu ni Tai Nne, toleo la zamani, na kisikizi chake ni cha kuchongwa mtaani. Uzembe wa mwendeshaji. Jina lake lipandishwe kwenye Ukuta wa Mfano, ule unaowaka mchana kutwa langoni mwa barabara, ili watoto wa shule wayasome majina ya wazembe wakipita. Luhende akakataa, akagonga meza za watu, mpaka wakampa nafasi moja: miwani ile ile ya Milembe airudishie kisikizi halisi, ailete Ijumaa ya wiki iliyofuata ijaribiwe barabarani. Ikiwa kiziwi, basi kosa ni la barabara na jina halitapanda.

"Wamenipa nafasi wakijua kipande chenyewe waliruhusu kisitengenezwe tena," Luhende alimwambia kila aliyekutana naye. Shule aliiachia darasa la nne, lakini hesabu ya wakubwa aliijua. Wao hawapandi baiskeli. Wanapita angani.

Alianzia dukani. Roboti muuzaji aliikodolea miwani ile jicho lake la buluu.

"Samahani mteja. Tai Nne haitambuliki. Ninapendekeza Tai Tisa."

"Nimekuomba unipendekezee?"

"Tai Tisa inapatikana kwa rangi ya..."

"Meza rangi zako!"

Akaenda soko la vyuma chakavu, kwa fundi Ng'wandu, mtu mnene mwenye bisibisi sikioni. Ng'wandu akajaribu kisikizi cha Tai Tano. Kikaingia, kikabana, kikakaa kama kimezaliwa pale.

"Kimekubali!" Luhende akaruka.

"Kimekaa tu. Ni bubu." Ng'wandu alikipigia mnong'ono wa kupimia, vioo vikabaki vyeupe. "Matundu ni yale yale, lugha si ile. Walibadilisha."

"Kwa nini wabadilishe?"

"Ili ununue mpya, kaka. Ulidhani kwa nini? Cha Tai Nne utakitoa kwa Tai Nne mwenzake, basi."

Luhende aliijua Tai Nne nyingine ilipo. Ndiyo iliyomkosesha usingizi. Milembe alikuwa nayo, aliyoshindia mbio zake za kwanza, na hakutaka iguswe na bisibisi ya mtu yeyote, hata pale kisikizi cha ile ya kila siku kilipokufa. Akaona bora anunue cha kuchongwa. Na sasa miwani ile ya ushindi ilikuwa kwa Chausiku, Mzaramo, fundi cherehani wa mtaa wa pili, mtani wao.

Msibani Chausiku aliifanya kazi ya mtani barabara. Alivaa suruali ya mbio ya marehemu, akaipachika ile miwani, akapanda baiskeli akaingia Barabara Nuru mbele ya waombolezaji, akipiga kelele kwa sauti ya Milembe, "Nipisheni, magoigoi!" Kisha akatumbukia mtaroni miguu juu, akatoka akiwapigia saluti. Watu waliokuwa wakilia walicheka mpaka wakakaa chini. Miwani akaondoka nayo. Na kitu alichobeba mtani msibani, nani wa kukidai? Ni aibu.

Luhende alizunguka nyumba ya Chausiku kama kuku anayetafuta pa kutagia, akaishia kuingia.

"Karibu, mtumwa wangu," Chausiku alisema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Umekuja kufagia?"

"Nimekuja kuona kama Mzaramo siku hizi anafanya kazi, au bado ni ngoma tu."

"Kaa. Usikae kwenye kitambaa cha watu, una vumbi la pamba." Ndipo akamtazama. Cherehani ikanyamaza. "Shemeji, una nini?"

Akamweleza. Chausiku aliinuka, akaileta miwani imefungwa kwenye kanga safi.

"Kukurudishia sikurudishii. Nitachekwa mpaka Kisarawe. Nakuazima hiyo pua yake, kisikizi tu. Na nakuja nayo mwenyewe, Msukuma huaminiki."

Ijumaa walimkuta Injinia Kokushubira wa Mamlaka kando ya barabara, binti mpole, kibao cha kioo mkononi. Alikikagua kisikizi, akakubali kuwa ni halisi, akakipachika mwenyewe. Luhende akavaa miwani ya mkewe. Ilimbana kichwani. Alishindwa kusimama, alikwenda huku, akarudi, akaenda tena, akiomba jambo ambalo hakuwahi kudhani mtu anaweza kuliomba: mwanga umchome macho.

Vigae vikatetemeka. Vioo vikawa vyeusi tii.

Vilipotakata, Injinia alikuwa ameinamisha kichwa. "Pole, baba. Miwani imesikia. Kosa lilikuwa kile kipande cha mtaani."

Luhende aliivua miwani.

"Dada, ngoja," Chausiku alisema. "Hicho kisikizi ndicho nilichovaa msibani. Mbona siku ile kilikuwa kiziwi?"

"Siku ile ulianguka kwa utani," Luhende alisema.

"Nianguke kwa utani ning'oke jino?" Akainua mdomo wa juu, wakaliona pengo. "Barabara ilijipindua, nikaona weupe mtupu, nikajua naondoka na Milembe. Natoka mtaroni, mnacheka. Ningefanya nini? Nikawapigia saluti."

Luhende alikumbuka ile saluti. Yeye mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote.

Injinia alipapasa kibao chake, akasoma, akarudia kusoma. Alipoongea sauti ilikuwa imeshuka.

"Barabara hujifunza yenyewe. Ikitokea ajali, hutafuta sababu, ikajisahihisha polepole. Hakuna mtu anayeiamuru. Walipobadilisha lugha ya mnong'ono mwezi Juni, naona... Tai Nne ilisahauliwa. Hata kingekuwa kisikizi halisi, kisingeusikia mnong'ono."

"Na sasa inaijua," Luhende alisema.

"Sasa inaijua."

"Imejifunza kwa Milembe."

"Jina lake halitapanda ukutani, baba. Nitaandika mimi, nitatia sahihi yangu."

Chausiku alimshika Luhende mkono, lakini yeye aliuchomoa. Alichokuwa akikitafuta amekipata, na miguu bado ilikataa kutulia. Akakanyaga ukingo wa vigae, akaitazama barabara ilivyonyooka na kumetameta mpaka macho yanapoishia.

"Mkokoteni wa punda inaujua?"

"Inaujua."

"Kiti cha magurudumu cha mlemavu?"

"Ndiyo, baba."

"Na mtoto anayekimbilia mpira?"

"Anapokanyaga tu, inatulia. Inawajua watoto vizuri sana."

"Inawajua," Luhende alisema. Akageuka, akamtazama yule binti usoni, naye akakumbatia kibao chake kifuani.

"Ilijifunza kwa mtoto wa nani?"