Kanuni ya Saba

Agnella alikuwa ameinama akijaza kiroba cha nne, mara koleo la mtu likatua katikati ya lundo lake la pumba. Msimu wa mavuno mashine za kukoboa mpunga hapa Ifakara hazipumziki, na pumba zikimwagwa nje watu wanazigombania.

"We kaka, macho umeyaacha nyumbani?"

Kijana akainuka. Alivaa shati jekundu, mikono imejaa udongo. "Samahani, dada. Nachukua za kuchomea tofali. Wewe za nini, na mbona umeoga masizi?"

"Natengeneza mkaa wa pumba. Na sikukuogea wewe!"

Kijana akacheka, akamshikia kiroba. Kisha maswali: unashikana vipi? Uji wa muhogo? Unawaka muda gani? Jamani, wapo wanaume wanaosifu macho. Huyu, Remigius jina lake, alisifu mkaa, na Agnella akajikuta anamweleza yote mpaka jua likazama.

Haikupita miezi miwili wakawa kikundi. Agnella alikuwa akishindilia mkaa kwa mkono, kwenye kipande cha bomba, kiroba kimoja kwa siku, viganja vimepasuka. Mamalishe wa sokoni walitaka viroba kumi. Kulikuwa na mradi unaokopesha mashine ya kushindilia kwa vikundi vya watu watano, wasipungue. Siku ya kwanza Febronia, afisa wa mradi, aliwasomea kanuni zote kumi na mbili. Agnella hakusikia hata moja. Alikuwa anamtazama Remigius akikunja mikono ya shati.

Jioni simu yake haikukosa.

"Umekula, mama mkaa?"

"Nimekula. Tofali zimeiva?"

"Zimeiva. Mimi ndiye nimeungua."

"Toka hapa!" Lakini simu hakukata.

Basi, wiki moja kabla ya ukaguzi wa kupewa mashine, Remigius akaandika barua ya kujitoa. Faustin, katibu wao, ndiye aliyeileta.

Agnella akapiga simu palepale. "Remi, umenifanya nini? Tumebaki wanne!"

"Nisamehe, Agnella. Subiri Ijumaa, utaelewa."

"Nieleze sasa."

"Ijumaa, mpenzi."

Faustin naye, mdomo haumtulii, akaongeza: "Nimemwona kampakia binti mmoja wa kijiji cha Lupiro kwenye pikipiki. Mzuri kweli kweli."

Agnella akalia, akakasirika, akalia tena. Lakini kilichomnyima raha zaidi ni kutaka kujua. Mtu aliyeuliza maswali yote yale kuhusu mkaa anaondokaje bila kujibu moja?

Ijumaa Febronia akafika na daftari lake. Wakahesabiwa: mmoja, wawili, watatu, wanne. Agnella akafungua mdomo kuomba radhi. Hapo akaingia binti wa Lupiro mwenyewe, kitenge cha njano, viganja vyeusi ti!

"Shikamoo, dada afisa. Naitwa Getrude. Mimi ndiye wa tano, fomu yangu hii hapa."

"Nani kakutuma wewe?" Agnella akauliza.

"Remigius. Nimetoka Lupiro, nimehamia mtaa wa pili, nakaanga samaki. Wiki nzima ananifundisha kushindilia mkaa, mgongo wote unauma. Huyo kaka ana maswali! Nikikosea kidogo anasema Agnella hafanyi hivyo."

Agnella akatoka nje, akapiga simu. Ikaita mara moja tu.

"Kwa nini ulijitoa?"

"Soma kanuni ya saba."

Akafunua karatasi aliyokuwa hajaisoma tangu apewe. Watu wa nyumba moja hawaruhusiwi kuwa katika kikundi kimoja. Akaisoma mara mbili.

"Remi. Mimi na wewe tunakaa nyumba moja?"

"Bado." Alisikika akivuta pumzi. "Ningekuposa mapema ungesema tusubiri kwanza mashine. Mashine uipate, ni yako. Ila mimi siwezi kusubiri."

Agnella akaikunja ile karatasi. Furaha ikagongana na hasira ya wiki nzima.

"Agnella!" Febronia aliita kutoka ndani. "Swali la mwisho, nimwandikie mwenyekiti wa mradi. Kuna wawili wa nyumba moja kwenye kikundi hiki?"

"Hakuna, dada. Aliyetaka kutuharibia keshajitoa."

Akairudisha simu sikioni. "Umesikia?"

"Nimesikia. Na mimi jibu langu?"

"Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa mama. Uje na mjomba wako, usije peke yako kama mhuni." Akayafuta machozi, masizi yakamtapakaa shavuni. "Na uoge, Remi. Mama yangu hapendi udongo."