Spika ya Déo Haikuwa Mbovu

"Washa basi," Rispa alisema, akijipangusa vumbi la safari ya Lodwar kwa ncha ya leso.

Déo aliwasha amplifaya yake, iliyorudi kutoka kwa fundi wa Lodwar, akapiga kamba moja ya gitaa. Sauti ikatoka safi, laini kama kinanda cha kanisani. Akapiga tena. Laini vilevile. Akainama nyuma ya sanduku na kuona spika mpya, karatasi yake nyeusi ikiwa nzima, pale palipokuwa na ile yake iliyochanika.

"Ile ya zamani iko wapi?"

"Fundi aliitupa. Ilikuwa imechanikachanika, Déo. Nikamwambia aweke mpya. Hujafurahi?"

"Nani alikutuma?"

"Sikutumwa na mtu. Nilitaka tu..."

"Mwanamke wa kuuza chai anajua nini juu ya muziki? Umeua gitaa yangu."

Hoteli nzima ya Rispa ilisikia. Ilikuwa Jumamosi mchana, siku ambayo nusu ya kambi ya wakimbizi ya Kakuma huja kwa Rispa kunywa chai na kusikiliza bendi. Kwa mwaka mzima Déo alikuwa akimwita "mke wangu" mbele ya watu hawa hawa, ingawa posa ilikuwa bado. Rispa aliweka sinia mezani polepole, akamkabidhi mpishi funguo, akatoka. Kesho yake akarudi Lodwar kwa mama yake.

Wiki hiyo bendi haikupiga. Duop, mpiga ngoma, Mnuer mrefu asiye na maneno mengi, alimkuta Déo ameketi kivulini nyuma ya hoteli.

"Wewe ulimwambia Rispa kwa nini ulipenda hiyo spika?"

"Hapana."

"Basi yeye angejua namna gani?"

Spika ile ilichanwa kwa wembe na kaka yake, Zéphyrin, huko Lubumbashi, walipokuwa vijana. Walikuwa wamesikia bendi za Waingereza wa suti za kubana katika sahani za santuri, na baadaye bendi za Zambia ng'ambo ya mpaka, na gitaa zao zilinguruma kama nyuki ndani ya debe. Muziki wa kumzungusha mtu kichwa bila pombe. Hawakuwa na fedha za kununua mashine ya kungurumisha gitaa, kwa hiyo Zéphyrin akachukua wembe akaichana karatasi ya spika ili ingurume. Vita vilipomchukua Zéphyrin, Déo alibaki na ule mngurumo. Aliubeba hadi Kakuma na hakumwambia mtu; kila alipojaribu, aliishia kupiga gitaa.

"Mi nilimtukana mbele ya watu," alisema.

"Tena watu mingi," Duop akajibu. "Na wewe ataomba msamaha kwa kona?"

Misheni ilikuwa na redio ya upepo ya kuongea na Lodwar. Karani wake, Awut, alikubali kumsaidia, akatuma habari Rispa aitwe upande wa pili asubuhi.

"Lakini ujue," Awut alimwonya, "kila mwenye redio kutoka Lokichoggio mpaka Lodwar anasikia. Ukimaliza kusema, sema ova, mwenzako ajue ni zamu yake."

Déo alishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Rispa, ni mimi. Unanisikia? Ova."

"Nasikia. Sema. Ova."

"Nilikuita mwanamke wa kuuza chai. Chai yako ndiyo imenilisha tangu nifike hapa. Nilisema vibaya, na nilisema mbele ya watu, kwa hiyo na leo ninasema mbele ya watu. Nisamehe. Ova."

Redio ilikoroma tu. Awut alijifanya anatafuta kalamu.

"Na hiyo spika?" sauti ya Rispa ikarudi. "Mimi nilifikiri ni umaskini, Déo. Nilifikiri unaona aibu kupiga kitu kibovu, na huwezi kuniambia. Ova."

"Haikuwa mbovu. Ndugu yangu Zéphyrin aliichana kwa mkono wake. Alikufa. Sikukuambia hata jina lake. Kosa ni langu. Ova."

Redio ilikoroma tena. Kisha sauti ya mwanamume asiyejulikana ikaingia, ya dereva fulani huko Lokichoggio.

"Dada, msamehe, sisi wengine tuko na kazi. Ova."

Déo alisikia Rispa akicheka. Alikuwa hajasikia cheko hilo wiki nzima, na akakaa kwenye kiti cha Awut.

"Nakuja Jumamosi," Rispa alisema. "Na mama anakuja. Anataka kuona mtu anayelia kwa redio. Ova."

"Silii. Ova."

"Unalia. Ova."

Jumamosi walifika. Mama yake Rispa, Apua, alikuwa mwanamke mkavu, mwenye shanga kutoka mabegani hadi kidevuni.

"Ejok," Déo alisalimia kwa Kiturkana.

"Ejok noi. Piga hiyo kitu nisikie."

"Mama, haingurumi tena. Imetengenezwa."

Rispa alikuwa ameshafungua mgongo wa sanduku. Alimnyoshea Déo wembe. Déo akautazama, kisha akamrudishia.

"Chana wewe."

"Nikikosea?"

"Utakuwa umekosea. Mi nitapiga hivyo hivyo."

Rispa aliuma mdomo, akachana karatasi mara moja, akafikiri, akachana tena. Duop akakaa kwenye ngoma. Déo akapiga.

Mngurumo ulitoka mzito, wenye mkwaruzo, mzito kuliko ule wa zamani. Wateja waligeuka wote pamoja.

"Ni kama ya Zéphyrin?" Rispa aliuliza.

"Hapana." Déo alipiga tena, akainamisha sikio. "Ni yako. Nzuri. Iko na hasira kidogo."

Apua alikuwa amesimama. Kwa Waturkana mwanamume huliimbia dume lake la ng'ombe analolipenda, na kuiga sauti na pembe zake.

"Hilo dume lako linaitwa nani?" alimuuliza Déo.

"Mama, mi ni mkimbizi. Sina hata mbuzi."

"Sijauliza mbuzi. Nimeuliza hilo linalolia hapo."

Déo alimtazama Rispa. Rispa hakumsaidia.

"Bado halina jina, mama."

"Basi litafutie. Wazee wa kwetu wataliuliza siku ya posa, na sitaki mkwe wangu akose jibu."

Rispa alirudi jikoni kuchukua sinia, maana watu walikuwa wanataka chai, na bendi ikapiga mpaka jua likapoa.

Walifunga ndoa Lodwar mwezi wa Desemba. Padri aliomba gitaa ipunguzwe sauti. Apua akakataa.