Jua la Wateja

Mimi ni dobi. Nafua nguo za watu tangu ujana wangu, na hakuna mteja aliyewahi kunirudishia shati. Lakini ndani ya nyumba yangu mwenyewe nguo zilikuwa zinaoza. Cheka ukitaka. Mganga hajigangi, na dobi naye ni vivyo hivyo.

Uani nina kamba mbili tu, na zote zilikuwa za wateja. Jua likitoka, shuka zao ndizo zilizoanikwa. Nguo zetu, yaani zangu, za mama na za binti yangu, nilizitundika ndani, kwenye chumba cha nyuma, juu ya kitanda cha mama yangu. Dirisha nililifunga ili vumbi lisiingie. Zikikauka nusu, nazikunja na kuzishindilia kabatini. Basi, naona kazi imekwisha.

Mvua zilipoanza, mama akawa analalamika. Alisema shuka zinanuka, godoro lina unyevu, kifua kinambana. Nikamwambia ni uzee. Moyoni niliwaza mengine. Mdogo wangu anakaa mtaa wa pili, na mama amempenda yeye tangu zamani. Nikadhani anatafuta sababu ya kuhamia kwake. Nilikasirika, nasema kweli. Nilinyunyiza manukato kwenye mto, nikayafuta madoa meusi ya ukutani kwa kitambaa kikavu, kisha nikarudi kwenye beseni langu.

Asubuhi moja mama alishindwa hata kunisalimia kwa kukohoa. Mdogo wangu akaja, akamshika mkono, akaondoka naye.

Jirani yangu hufanya usafi hospitalini. Nilimwita aje anithibitishie kwamba mama ananisingizia. Aliingia, akaziba pua, akainua godoro. Upande wa chini ulikuwa umejaa madoa ya kijani na meusi.

"Huu ni ukungu, shoga," alisema. "Unaota penye unyevu na hewa isiyopita. Ukiufuta kwa kitambaa kikavu unaurusha hewani, na mama yako anauvuta."

Nikamjibu kwamba mimi ni dobi, kufua sifundishwi.

"Kufua unajua. Kukausha ndiko ulikowanyima watu wako."

Niliona aibu mpaka nikakosa pa kutazama.

Siku ile tulifanya kazi mpaka viganja vikachubuka. Tulijifunga vitambaa puani na mdomoni. Nguo tulizitoa nje, tukazipiga brashi mbali na mlango. Alinielekeza niziloweke saa moja kwenye maji yenye siki, kikombe kimoja kwa ndoo, kisha nizifue kwa sabuni na maji ya moto. Akanionya nisichanganye kamwe siki na dawa ya kung'arisha nguo, maana hutoa hewa ya sumu. Ukuta tuliusugua kwa maji ya sabuni, tukaukausha. Godoro lilikuwa limeliwa mpaka ndani, kwa hiyo tulilitupa. Kitanda tulikisogeza mbali na ukuta, na dirisha likafunguliwa.

Kamba moja ikawa yetu. Mteja mmoja alinuna kwa kucheleweshewa mashuka yake, nikamwacha anune. Siku hizi nguo haiingii kabatini mpaka nimeishika pindo na mshono, nihakikishe imekauka kabisa.

Wiki ya tatu nilikwenda kumwita mama. Kwa mdogo wangu kikohozi kilikuwa kimepungua na mashavu yamerudi. Alikuja, akakaa kwenye godoro jipya, akanusa shuka.

"Pamekuwa pazuri," alisema.

"Basi rudi, mama."

Aliiachia shuka.

"Nilikwambia siku nyingi, mwanangu. Nguo za wageni ulikuwa ukizinusa moja moja kabla ya kuzirudisha. Shuka yangu hukuinusa hata siku moja."

Akachukua mkoba wake, akaondoka kabla chai haijachemka. Sikumzuia.

Sasa kwenye chumba kile analala binti yangu. Hakohoi, na kabati halinuki. Majirani huja kuniuliza nilifanyaje, nami nawaeleza yote bila kuficha, hata yale ya kunifedhehesha. Ninawaambia mtu akisema kitanda chake kinanuka, nenda ukakinuse kwanza, mengine baadaye.

Mama huja kunisalimia, tena kwa uso mkunjufu. Kulala, hulala kwa mdogo wangu.