Bibie Amerudi

Paka alirudi adhuhuri, na milango yote ilikuwa imefungwa.

Mke wa fundi saa alimkuta amejikunja mapajani mwa mumewe, mle chumbani mwenye saa za watu.

"Ametoroka kwa daktari, Bibie wangu," mume alisema, akimpapasa mgongo.

Bibie! Zamani jina hilo lilikuwa la mkewe, mpaka alipokuja huyu mwenye mkia akampokonya jina, mto, hata salamu ya asubuhi. Wivu ukamla maini. Jana alichanganya dawa ya wadudu wa bustani kwenye samaki, akaweka sahani chini. Paka akatokwa na povu, akatetemeka mwili mzima, mboni zikasinyaa kama tundu za sindano. Mume alimkimbiza kwa daktari wa mifugo akilia kama aliyefiwa.

Sasa chumba kizima kilinuka dawa ileile. Paka akamtazama. Mboni bado zilikuwa nukta, wala hazikupanuka kivulini.

"Baba, mweke chini," mke alinong'ona. "Nakuomba."

"Kijicho mpaka kwa mnyama? Hebu tuache."

Mke akavaa kandambili, akaenda kwa daktari.

"Pole, mama," daktari alisema. "Nilimdunga sindano, nikamwekea dripu, lakini sumu ilishamwenea. Amekufa alfajiri. Nilitaka kumpigia mzee simu."

Akafunua kitambaa. Bibie alikuwa amekakamaa mezani, povu limemkaukia kwenye ndevu.

Mke hakuaga, alitoka mbio, kandambili moja ikabaki njiani, akawapita majirani waliomuuliza kulikoni bila kuwajibu, na alipofika nyumbani harufu ya dawa ikampokea tangu kibarazani, akausukuma mlango wa chumba, akakuta umekomewa kwa ndani, na nyuma ya mlango mumewe anacheka kile kicheko cha chini alichomchekea yeye peke yake siku za mwanzo za ndoa yao.

"Fungua! Ni mimi, mkeo!"

Kicheko kikakatika.

"Mke wangu?" mume aliuliza, sauti imejaa usingizi. "Mbona mke wangu yuko humu, ameniegemea?"

Ndipo ikasikika sauti ya mwanamke, laini, yenye kitembe kilekile alichozaliwa nacho mke wa fundi.

"Usimfungulie, mpenzi. Huyo ndiye aliyenilisha sumu."

Kisha komeo la pili likasukumwa, mlango ukafungwa zaidi.