Mzinga wa Shemeji

Fundi seremala alikuwa na karakana mbele ya nyumba yake. Kilikuwa kibanda cha mabati chenye meza moja kubwa ya kazi. Asubuhi alipiga randa, mchana alipiga msasa, jioni alifagia maranda akaingia ndani kuoga. Kitanda akikitengeneza yeye, hakilii hata watoto wakikirukia. Mtaa mzima ulilijua hilo, na yeye mwenyewe alilijua kuliko mtaa mzima.

Sasa mtu kama huyo atamwonea nani wivu? Alimwonea shemeji yake, kinyozi.

Kinyozi alikuwa mdogo wa mke wake, na nyumba zao zilitenganishwa na michongoma tu. Kwa mashine ya kunyolea hakuwa na mpinzani. Kwa nyundo, hapana. Msumari akiupiga, unalala ubavu. Siku moja alikuja karakanani kuomba mabaki ya mbao. Fundi akampa, akidhani ni ya kuwashia moto. Kumbe mwenzake alikwenda kutengeneza mzinga wa nyuki.

Mzinga wenyewe, jamani! Upande mmoja mrefu, mwingine mfupi. Juu kaufunika kwa bati kuukuu, na juu ya bati kaweka jiwe. Fundi alipouona alicheka mpaka akakaa chini. Lakini haukupita muda, nyuki wakaingia. Maua yalipokwisha, kinyozi akavuna asali, akamletea dada yake bakuli zima.

Hapo kicheko kikaisha. Mke wa fundi aliisifia ile asali asubuhi, akaisifia mchana, na usiku akailamba kwa kijiko. "Mdogo wangu ana mikono ya baraka," alisema. Mikono! Fundi aliitazama yake, imejaa makovu ya misumeno. Kitanda alichomtengenezea, kabati, hata meza ile aliyokuwa ameiegemea, hakukumbuka kuambiwa hivyo hata kwa kimoja. Chai akaiacha nusu.

Tangu siku ile alitaka jambo moja tu: mke wake amsifu yeye, kwa kinywa kile kile.

Njia rahisi ilikuwepo. Kinyozi alikuwa amefundishwa na bibi nyuki, yule mtaalamu wa ufugaji aliyekuja kutoa mafunzo shuleni. Fundi naye aliitwa. Alijibu kwamba yeye hana haja ya kwenda kufundishwa kupiga sanduku. Sasa arudi akamuulize kinyozi? Afadhali ameze msumari.

Basi akatengeneza mzinga wake. Alichagua mbao nzito, akaziunga bila pengo la kupitisha hata unywele. Juu alipanga fito, vile vipande vyembamba ambavyo nyuki huning'inizia masega. Za kwake alizifanya pana, ili nyuki wakae kwa nafasi. Kisha akapiga vanishi ndani na nje, mpaka ukitazama unaona meno yako. Akauweka karibu na mlango wa jikoni, mgeni yeyote auone. Mke wake akauliza kama lile ni kabati la vyombo. Fundi akaendelea kuupangusa.

Nyuki hawakuja. Walipita juu ya paa lake wakienda kwa kinyozi, wakirudi na kupita tena. Mzinga wa fundi ulipata mjusi mmoja na sisimizi wengi. Kila akisikia mvumo nyuma ya michongoma, moyo ulimchoma. Mwishowe akajiambia kwamba shemeji yake ana dawa. Haiwezekani mzinga kilema kama ule uite nyuki hivihivi.

Mchana mmoja wa jua kali, kinyozi akiwa kazini, fundi alijipenyeza kwenye michongoma kwenda kuitafuta hiyo dawa. Mikono yake ilikuwa bado inanuka vanishi. Aliondoa jiwe, akainua bati, akachomeka patasi kati ya fito mbili na kuzitenganisha kwa nguvu. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali. Yeye nyuki ndio waliomfuata.

Alikimbia barabara nzima akijipiga makofi kichwani, akaingia mahali pa kwanza alipoona mlango wazi. Palikuwa saluni kwa kinyozi.

Wateja wakaruka. Mmoja alikuwa kanyolewa upande mmoja tu, akajificha chini ya kiti. Kinyozi akafunga mlango haraka, akamkalisha shemeji yake, akachukua kitana. Fundi alikuwa anaing'oa miiba kwa kuibana na vidole.

"Usibane, shemeji," alisema kinyozi. "Ukibana unajisukumia sumu. Mwiba unakwanguliwa, tena upesi."

Akaikwangua yote kwa ukingo wa kitana. Akamwosha kwa maji na sabuni, kwa sababu harufu ya mwiba huwaita nyuki wengine. Akamuuliza kama kifua kinabana au ulimi unavimba, maana hapo hakuna kusubiri, ni hospitali moja kwa moja. Fundi akasema hapana, ni maumivu tu.

"Ulikuwa unatafuta nini kule, shemeji?"

Fundi alitazama sakafu iliyojaa nywele. "Dawa yako ya kuita nyuki."

Yule wa chini ya kiti akacheka kwa sauti. Kinyozi hakucheka. Alisema wakutane jioni, jua likizama.

Jioni kinyozi alivaa nguo nyeupe za mikono mirefu, na kofia aliyoshonea wavu. Akampa fundi nyingine. Alikuwa na kopo la bati lenye matundu, ndani vitambaa vikavu vya pamba vikifuka moshi. Akapuliza kidogo mlangoni mwa mzinga, akangoja. Alieleza kwamba nyuki wakipata moshi wanatulia, na jua kali na harufu kali ndivyo vinavyowakasirisha. Halafu akainua fito taratibu na kurudisha kila kitu mahali pake.

Waliporudi uani kwa fundi, kinyozi akachungulia ule mzinga unaong'aa, akanusa na kurudi nyuma.

"Shemeji, wewe ungelala ndani ya kopo la vanishi?"

Fundi akanusa mwenyewe. Maneno yale yalimchoma kuliko nyuki, kwa kuwa yalikuwa kweli. Kinyozi akatoa mfukoni donge la nta. Akasema dawa ndiyo hiyo. Ukiisugua ndani ya mzinga na kuipaka mstari chini ya kila fito, nyuki wanaona ni nyumba yao. Fundi akatoa futi yake, akapima fito moja ya akiba aliyopewa na kinyozi. Mzinga wa kinyozi ulikuwa umepinda kila mahali, ila fito zote zilikuwa za upana mmoja.

"Milimita thelathini na mbili," alisema kinyozi. "Kila fito, sega moja. Ukizidisha, wanajenga kwa kukatiza fito, na ukiinua moja unavunja yote."

Vipimo fundi anavielewa. Usiku ule wivu ulimlaza macho, lakini asubuhi aliingia karakanani akaanza upya. Safari hii alitumia mbao kavu za kawaida, bila rangi wala vanishi. Hakuuweka tena mlangoni. Aliupeleka pembeni kabisa, kwenye kivuli, mbali na njia, mlango wake ukielekea kwenye michongoma ili nyuki wapae juu ya vichwa vya watu. Miguu ya mzinga aliisimamisha kwenye makopo ya oili chafu kuzuia sisimizi. Akaweka beseni la maji lenye mawe, nyuki wapate pa kutua wanapokunywa. Akawaambia na majirani kwamba pale kuna mzinga.

Wakati wa maua ulipofika, nyuki waliingia. Fundi aliacha randa akasimama kuwatazama hadi mteja akamwita mara mbili.

Alivuna jioni, kwa moshi. Alichukua masega yaliyofunikwa kwa nta, yenye asali iliyoiva. Ya vifaranga, watoto wa nyuki, hakuyagusa, na asali nyingine aliwaachia wenyewe chakula. Bakuli la kwanza alilipeleka kwa kinyozi. Wateja walikuwa wamejaa, wale wale wa siku ile ya nyuki. Mmoja akaonja, akauliza ni nani aliyemfundisha.

Wivu ukaamka tena. Angeweza kusema ni bibi nyuki, na nani angebisha?

"Kanifundisha huyu shemeji yangu," alisema. "Mimi mbao nazijua. Nyuki sikuwajua."

Kinyozi akazima mashine.

"Shemeji, mzinga wangu unavuja," alisema. "Masega yamelowa, nyuki wanaanza kuhama. Nimeona haya kukuambia."

"Haya ya nini? Mimi si fundi?"

"Ndiyo maana. Kila nikija kwenu, dada ni kunionyesha kitanda, kunionyesha kabati. Mume wangu hivi, mume wangu vile. Ule mzinga niliupiga mwenyewe ili siku moja nami nisifiwe. Nikampelekea asali, akaniambia tu mlango wangu umelegea, nimwite mume wake aurekebishe."

Fundi aliweka bakuli chini, akauliza vipimo vya paa. Jioni ile, moshi ukiwa tayari, waliuziba mzinga wa kinyozi na kuuwekea paa jipya lisilohitaji jiwe. Nyuki waliobaki wakatulia.

Fundi aliporudi ndani alimweleza mke wake yote, hata siku ya ile chai aliyoiacha nusu. Mke akaweka sufuria chini, akamtazama.

"Hakuna fundi kama wewe," alisema. "Kila mtu namwambia. Nilidhani unajua."

"Sikujua." Fundi akavuta kiti, akakaa. Neno alilolisubiri muda wote huo lilikuwa limefika, naye akataka lifike na kwa mwenzake. "Na mdogo wako hajui la kwake. Nenda ukamwambie, hajalala bado."

Mke akavaa ndala, akaenda.