Giaboksi ya Ambwene

Fanueli aliacha mkono wa gia ukiwa frii. Hilo alikuwa na hakika nalo, kwa sababu fundi akiiweka giaboksi mezani kabla ya kuifunga kwenye gari, huuchezesha mkono wake kidogo aone gia zinaingia, kisha huurudisha katikati. Akaenda kunawa, akanywa chai, akarudi. Mkono ulikuwa umelala kushoto, chini. Gia ya kwanza, kwa giaboksi za rali.

Akaurudisha frii. Alipogeuka kuchukua spana akasikia nyuma yake chuma kikiingia kwenye chuma, taratibu: klak.

Mtu mwingine angetoka mbio na kuacha kandambili. Fanueli alitazama tu, akasema, "Haya," akaendelea na kazi. Wala msimsifu kwa ujasiri, hakuwa nao. Tangu wamzike kaka yake Ambwene kule Igamba, alikuwa amekufa ganzi, mwili na moyo. Mwanawe Faith akilia alimsikia kwa mbali. Mkewe Witness siku moja alimwaga chumvi nyingi kwenye maharage, watoto wa jirani wakatema, yeye akamaliza sahani na kushukuru.

Ambwene alikuwa dereva wa rali. Si zile rali za kwenye televisheni. Ni zile za vijana na magari yao ya zamani, namba imepakwa rangi mlangoni, vumbi na kelele, basi. Datsun yake nyeupe ilipinduka porini upande wa Zambia, mbele ya Nakonde. Mwili wake ulivushwa mpakani kama wanavyovushwa watu wa kwao: ndugu anakaa kando ya jeneza, na kila penye mto au mpaka anamwita marehemu kwa jina na kumwambia, asije akabaki njiani akitangatanga. Aliyekaa ni Fanueli. Alisema, "Ambwene, tunavuka. Twende nyumbani." Hakukosea hata neno.

Aliyebaki njiani ni mama yao, Loisi kwa jina. Mama Loisi alihamia kwa Fanueli hapo Tunduma, akachagua kiti cha mlangoni kinachotazama barabara, akanyamaza. Hakulia. Ugali alikata tonge moja dogo, akalishika mpaka likapoa.

"Baba Faith, mama anakwisha huku tunamwangalia," Witness alimnong'oneza mumewe jikoni. "Mtu hali, hasemi. Tutamzika na yeye?"

Halafu siku moja mama akafungua kinywa. "Gari la mwanangu liko wapi?"

Ni hayo tu aliyosema, lakini yalimtosha Fanueli. Akatafuta bodi ya Datsun ya aina ileile, tupu, haina hata kiti, akaanza kuijenga nyuma ya nyumba, pale kwenye gereji yake. Rangi ileile nyeupe, namba ileile mlangoni, vyuma vya kukinga dereva ndani vilevile. Kama mama angesema atakula akiona ndege, Fanueli angejenga ndege.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka kwenye giaboksi. Shadrack, fundi mwenzake, alikuwa na ya pikapu, gia tano, imara, akamletea bila hata kuombwa.

"Funga hii ulale usingizi," Shadrack alisema. "Spea zake zimejaa mji mzima. Hizo za rali za nini, ndugu yangu? Gia ya kwanza iko kushoto chini, penye gia ya pili ya watu wote. Ukipeleka juu kama ulivyozoea, unarudi rivasi. Utaua mtu."

"Mama anataka ileile."

"Mama anataka mwanawe. Giaboksi ataijulia wapi?"

Alisema kweli, lakini Fanueli alivuka hadi Nakonde, kwa muuza vyuma chakavu aliyelinunua lile gari lililopinduka. Giaboksi ilikuwa nzima. "Awe, mudala, hapana mzee, hii haijaguswa," yule Mzambia alimwambia, akampa na toroli ya kuisukumia. Fanueli akaisukuma katikati ya watu na magunia yao ya mahindi, na alipofika kwenye mpaka mkono wake ukaenda wenyewe ukakigusa kile chuma, na mdomo nao, kwa mazoea ya juzi, ukasema: "Tunavuka. Twende nyumbani."

Jina hakulitaja. Angemtaja nani? Ambwene alikwishavuka.

Kwa hiyo aliposikia ile klak mezani alisema haya, akaifunga giaboksi kwenye gari. Injini ilikuwa bado. Jioni ileile, jua likiwa linaelekea kuzama, ukaanza mluzi. Gia za rali zina mluzi wake, mwembamba, unapanda kadiri gari linavyokwenda, na Fanueli aliujua tangu ujana wake. Ulitoka gerejini, kwenye gari lisilo na injini. Nyuma yake ikaja harufu ya oili ya gia, ile nzito kama yai viza, ikapita jikoni ikakaa.

Mlangoni mama Loisi akageuza shingo. "Witness, mwanangu," akasema, "kuna chakula?"

Alikula ugali wote. Akaomba mboga tena. Witness alijifuta machozi kwa kitenge, na Fanueli, kwa mara ya kwanza tangu msiba, alihisi kitu kifuani, kidogo tu, kama mguu uliolaliwa unapoanza kuamka. Akaamua habari za klak hatamwambia mtu.

Kila jioni mluzi ulikuja, na kila jioni mama alikula. Mashavu yakarudi. Akaanza kumtania Shadrack kwamba tumbo lake linamtangulia kufika gerejini. Nani angeuliza maswali? Mpaka siku Witness alipokwenda kuanua nguo kabla giza halijaingia, akapita nyuma ya gereji na kapu lake, akaona mama amekaa ndani ya gari, kiti cha abiria, mlango umefungwa, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayemliwaza mgonjwa, na upande wa pili, kwenye kiti cha dereva ambacho hakikuwa na mtu, sponji ilikuwa imebonyea hadi chini, na ilipoinuka kidogo na kubonyea tena, kama mtu aliyejiweka sawa ageuke kutazama nani anapita, Witness aliachia kapu na nguo zote zikaanguka kwenye vumbi.

Aliingia ndani mbio. "Baba Faith. Kuna mtu na mama."

"Nani?"

"Sijui. Hayupo."

Fanueli akaenda. Mama alikuwa bado amekaa. Kiti cha dereva kilikuwa kimebonyea.

"Mama, unaongea na nani?"

"Na huyu."

"Ambwene?"

Mama akamtazama kwa huruma. "Ambwene nimemzaa mimi, Fanu. Huyu si Ambwene. Ambwene angejua jina lake."

"Huyu hajui?"

"Ndilo analoniuliza kila siku. Naitwa nani, naitwa nani. Amechoka, maskini, hana kwao. Lakini ananikalia hapa jioni, napata hamu ya kula." Akainamisha uso. "Kesho nitampa jina."

Mkono wa gia ukateleza wenyewe kushoto, chini. Klak.

Asubuhi Fanueli alikuwa mlangoni kwa Mchungaji Efraimu, akaeleza yote, mpaka maneno ya pale mpakani. Mchungaji alimsikiliza akiwa ameshika kichwa.

"Ulimwita nani?"

"Sikutaja jina."

"Yesu wangu! Umesimama njiani ukasema twende nyumbani, halafu usitaje mtu? Jini lolote lililolala pale lisingekuja?" Akachukua Biblia yake na chupa ya mafuta. "Mama asilipatie jina. Likipata jina limepata nyumba, na mimi sitaliweza."

Walifanya kazi mchana kweupe. Mchungaji aliomba, Witness akaimba, na Shadrack, ambaye kanisani huonekana Krismasi tu, alilala chini ya gari akifungua bolti na kuliita jina la Bwana kila spana ilipoteleza. Mkono wa gia ulipigapiga kushoto, kulia, juu, chini, kwa nguvu hata gari likatikisika juu ya magogo, na ile harufu ikawa nene kiasi cha kuonjeka ulimini, na mluzi ukapanda, ukapanda, mpaka watu wa barabarani wakasimama kutafuta gari linalokuja, kisha giaboksi ikaanguka kwenye vumbi na kila kitu kikanyamaza. Mlangoni, kitini pake, mama Loisi alikohoa mara moja. Akajivutia kitenge mabegani.

Wakaisukuma kwa toroli kurudi Nakonde. "Kweli limetoka," Shadrack alisema njiani, akihema kwa furaha. "Hebu ona giaboksi ilivyo nyepesi." Wakaenda nayo mpaka porini pale gari lilipopindukia, wakaiacha kwenye majani, na Fanueli akasema kama alivyofundishwa, "Hapa ndipo kwenu. Sisi hatukujui." Hawakugeuka nyuma.

Shadrack alifunga giaboksi yake ya pikapu, na injini nayo ikafungwa. Gari lilikuwa la Ambwene hasa, isipokuwa gia. Waliliwasha, likaunguruma vizuri bila mluzi, na majirani wakapiga makofi. Mama alilitazama kama anavyotazama lori la watu wengine.

Sasa ukabaki mtihani mmoja, na Fanueli aliungoja kwa hofu: mama hatakula tena. Witness alisonga ugali, akaweka dagaa, wakakaa wakitazamana. Mama Loisi akanawa. Akakata tonge, akala. Akakata jingine.

Witness alishusha pumzi. "Mungu mkubwa," akanong'ona, akainuka kwenda kuongeza mboga.

Fanueli alikuwa karibu kucheka. Ndipo alipouona mkono wa kushoto wa mama, chini, juu ya goti. Mama Loisi hajawahi kushika usukani maisha yake yote. Mkono ulikuwa umekunja vidole kama ulioshika kitu, na ulikwenda kushoto, chini, ukatulia. Halafu juu. Halafu chini. Kwenye kitenge chake ilikuwa ile harufu ya yai viza.

"Mama?" alisema.

Mama akamwinamia. Macho yalikuwa yaleyale. Aliuliza kwa adabu, kwa sauti ya chini, Witness asisikie.

"Naitwa nani?"

Fanueli aliyakumbuka maneno ya mchungaji, yote. Alitazama mashavu ya mama yake yaliyorudi, na sahani iliyokuwa karibu tupu, na kile kiti cha mlangoni. Alingoja aogope, na hofu haikuja.

"Unaitwa Loisi," akasema. "Ni mama yangu." Akamsogezea ugali. "Kula."