Aliyeingia Kichwani mwa Torvald

Siku Torvald alipomimina kahawa bila kumwaga hata tone, mkewe Gudrun alilia kwa furaha. Kisha akasikia harufu ya maji ya ziwa mle jikoni, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa kwa baridi.

Madaktari wa Minneapolis walikuwa wamempandikizia Torvald kifaa ubongoni. Kilituliza mikono yake iliyotetemeka kwa miaka, na wakati huohuo kikawa kinarekodi yanayopita kichwani; rimoti ya kukiwasha na kukizima alipewa Gudrun. Alipokwenda kukaguliwa, Daktari Haugen alitazama michoro kwenye kompyuta, akamvuta Gudrun pembeni.

"Mama, mzee huwa anazungumza na nani?"

"Na mimi tu. Kwani vipi?"

"Ubongo wake unasikiliza sauti ya mtu. Hata akiwa peke yake."

Garini, Torvald alitabasamu.

"Ni Liv," alinong'ona. "Usiwaambie, watamtoa."

Liv, binti yao wa pekee, alizama ziwani barafu ilipopasuka, angali mdogo.

"Torvald, mwanetu amekufa. Hicho ni kitu kingine, kimevaa sauti yake."

"Mama gani anamwita mwanawe kitu?"

Toka hapo nyayo ndogo za maji zikawa zinaonekana sakafuni, kutoka mlangoni hadi kwenye kiti cha Torvald, na mchungaji alipokuja kuomba, Torvald akacheka kicheko chembamba cha mtoto, hata mchungaji akaondoka bila kofia yake.

Mchana mmoja Gudrun akaukuta mlango wazi. Torvald alikuwa ziwani, pekupeku, anaelekea kule barafu ilikokuwa nyembamba, mkono mmoja ameushusha pembeni kama mzazi anayemwongoza mtoto, na theluji ubavuni pake inadidimia hatua kwa hatua chini ya miguu isiyoonekana, na barafu inalia, na Gudrun anakimbia anamwita, naye hageuki.

Akatoa rimoti ya kifaa mfukoni, akakizima.

Torvald alianguka akitetemeka mwili mzima. Gudrun akamburuta hadi nyumbani, akamfunika mablanketi.

"Alikuwa amenishika mkono," Torvald alisema, machozi yakimtoka. "Ulipozima, akalia 'Mama!' Akaniachia."

Gudrun akakifungua kile kiganja kinachotetemeka. Alama za kucha ndogo zilikuwa zimechimba ndani, mbichi, zinatoka damu.

Akainama, akazibusu moja moja.